Betri ya boda ni ya nano, lakini fundi wa Kambi Muru atapata nini?

Boda za umeme tumeshazizoea Nairobi. Hazina kelele, na chaji ikiisha mwendeshaji hangoji. Anaingia stesheni, anaacha betri iliyokwisha, anapewa iliyojaa, anapotea. Wengi hawajui kwamba ile nano tunayodhani ni mambo ya maabara za ng'ambo mara nyingi iko hapo hapo, chini ya kiti.

Nanomita ni mita moja ukiigawanya mara bilioni. Unywele wako una unene wa nanomita kama 80,000. Mwaka 1997, kundi la John Goodenough katika Chuo Kikuu cha Texas lilionyesha kuwa mchanganyiko wa lithiamu, chuma na fosfeti unaweza kutengeneza betri. Haushiki moto kwa urahisi, na hauhitaji kobalti, madini ambayo Kongo inachimba kuliko nchi yoyote. Ubaya ni kwamba ulipitisha stima polepole mno.

Dawa ikawa ile ya kisiagi: saga. Githeri inataka masaa jikoni, uji wa unga dakika tu. Chembe zikisagwa hadi kipimo cha nano na kupakwa kaboni, lithiamu inakuwa na safari fupi ya kuingia na kutoka. Betri inachaji haraka na kutoa nguvu ya kupanda mlima na abiria.

Sawa, sayansi imefika mtaani. Pesa je?

Kwa kampuni kama Ampersand, unanunua pikipiki lakini betri inabaki yao. Kusema ukweli, mpango huo una maana, kwa sababu betri ni ghali na ikichoka hasara si yako. Seli nazo zinatoka nje. Mwaka 2024 Ampersand ilitangaza ushirikiano na BYD ya China. Fundi aliyezoea kufungua kabureta kwa spana sasa anatazama sanduku lililofungwa.

Nafasi yake iko baadaye. Betri iliyochoka kwa boda bado inaweza kuwasha taa, TV na mashine ya kinyozi. Hiyo ni kazi halali kwa vijana wa Kambi Muru. Lakini usijaribu kubahatisha. Seli za lithiamu zikitobolewa au kuchajiwa kupita kiasi zinaweza kuwaka, na nyumba zetu za mabati zimebanana. Moto wa nyumba moja ni wa ploti nzima.

Kwa hivyo vyuo vya kiufundi vilete kozi fupi ya kupima, kufungua na kuunga upya betri, isiyodai C+ ya KCSE. Mimi niliacha chuo, najua karatasi inavyofungia watu mlango. Nazo kampuni ziwauzie mafundi waliofunzwa betri zilizochoka, kwa bei inayofikika. Bila hivyo, tutabaki kulipia chaji tu.