Mchezo wa Simu Unapomtawala Kijana

Vijana wetu wa Nkuhungu hupenda michezo ya hadithi za picha katika simu, ambamo mchezaji humchagulia mhusika la kusema. Kuipenda si ugonjwa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha uraibu wa michezo ya kielektroniki kuwa maradhi, lenye dalili tatu: kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo kuliko masomo na chakula, na kuendelea ingawa unamdhuru. Kwa kawaida dalili hizo huwa zimeonekana kwa angalau miezi 12 ndipo maradhi yathibitishwe.

Wazazi, kiboko hakiponyi. Mwulizeni kwanza hadithi hiyo inampa nini asichokipata nyumbani. Akizidiwa, Hospitali ya Mirembe ipo hapa hapa Dodoma. Tuache kulitumia jina hilo kama tusi. Wapo wanaochelewa kutibiwa kwa kuliogopa.