Urojo Si Supu

Likizo iliyopita shangazi alinipeleka kwenye hema moja jijini Nairobi, lililofunguliwa siku mbili tu kuuza vyakula vya Unguja. Hata mchanga ulimwagwa chini, ati tujione tuko ufuoni!

Ubaoni paliandikwa "supu ya manjano". Nikaagiza bakuli. Loo! Uji wa unga wa ngano uliokolea manjano na ukwaju, ndani mna bajia, viazi, mishkaki na chipsi za muhogo. Nililamba vidole.

Shangazi, aliyewahi kuishi Unguja, akacheka. "Mwanangu, huu ni urojo. Jioni pale Forodhani, ukiomba supu hupewi huu."

Sipingi chakula kusafiri. Muhogo wenyewe ulitoka Amerika ya Kusini. Bajia nayo ilitoka Bara Hindi, ikaja na jina lake, nasi tukalipokea. Mbona basi urojo, uliovuka maji kidogo tu, uvuliwe jina lake papa hapa kwa Waswahili wenzake?

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Shime wanachama, tukiona kosa ubaoni tumsahihishe muuzaji kwa adabu, kisha tule!