Maneno Manne Ukutani

Hivi karibuni tulihudhuria mkutano wa wananchi huko Kurasini, Temeke, si mbali na bandari. Wakazi wa pale hawahitaji kufundishwa maana ya kuhamishwa. Majirani zao wengi walikwisha kuondoka kupisha upanuzi wa shughuli za bandari. Ofisa mmoja alisimama kando ya ukuta uliomulikwa maandishi, akasoma ukurasa baada ya ukurasa, neno kwa neno, kwa saa nzima na zaidi. Alipomaliza, mzee mmoja mwenyeji wa Pemba aliinuka: "Mwanangu, siku ya mwisho ya kuleta hati za nyumba ni lini?" Tarehe ilikuwamo. Ilizikwa katika ukurasa wa tisa, katikati ya vifungu vya sheria.

Hatusemi kwamba ndugu yule alikusudia kuficha. Aliichukua ripoti iliyoandikwa kwa ajili ya wakubwa wake, akawatwisha wananchi kama ilivyo.

Sisi tuliopita chuoni kabla ya skuli tunaijua njia nyingine, na wasomaji wetu wa Unguja na Pemba wanaijua zaidi. Ajrumiya, kitabu cha nahau cha Ibn Ajurrum aliyefariki mwaka 1323, ni chembamba mno. Huyagawa maneno ya Kiarabu mafungu matatu: jina, kitendo na herufi. Mtoto huyahifadhi hayo matatu, kisha sheikh humfungulia maana yake kwa miezi.

Chama nacho kilipata kuifuata njia hiyo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaja mambo manne ya lazima kwa maendeleo: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Hata asiyejua kusoma aliweza kuyahesabu kwa vidole. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya "Mtu ni Afya". Jina lilikuwa la maneno matatu, lakini nyuma yake kulikuwa na vipindi vya redio kwa wiki 12, vitabu, na vikundi vya kujifunza vyenye watu wapatao milioni 2. Vyoo vikachimbwa. Tukiri pia kwamba zipo kaulimbiu nyingine tulizozipigia makofi bila mtu kujua kesho yake ashike jembe wapi.

Kwa hiyo kule Kurasini yalitosha maneno manne ukutani: hati, tarehe, fidia, pingamizi. Mengine yote yangetoka kinywani mwa ofisa, akiwatazama watu usoni badala ya kuwapa kisogo. Maofisa hujitetea kwamba sheria haifupishwi. Ni kweli, na waraka kamili ubandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, asomaye asome.

Ila kufupisha ni madaraka, na hapa ndipo tunapowaonya wenzetu serikalini. Anayechagua maneno manne ndiye anayeamua la tano liachwe. Ofisa akiandika "hati, tarehe, fidia" akaliacha "pingamizi", mkutano utakwisha mapema na kwa utulivu, na mzee wetu ataweka sahihi bila kujua kwamba alikuwa na haki ya kukataa kiwango alichopangiwa.

Tumeambiwa mkutano mwingine utaitishwa. Tutakwenda, tutaketi karibu na yule mzee, na tutatazama kama neno hilo limo ukutani.