Kelele si Nguvu

Ukifika Ifakara baada ya mavuno, wakati mpunga unatolewa mashambani kupelekwa kwenye mashine za kukoboa, utazisikia pikipiki kabla hujaziona. Kijana ametoboa sailensa, au ameliondoa bomba la moshi lililokuja na chombo akafunga jingine fupi linalong'aa. Muulize sababu, atakujibu: "Napata nguvu."

Twauliza: nguvu gani?

Tuseme haki kwanza. Si uongo kwamba bomba laweza kuongeza nguvu. Waundao pikipiki za mashindano huupima urefu na upana wake, kisha hupima upya petroli ipitayo katika kabureta, mpaka vyote viafikiane. Na faida yao khasa huonekana injini inapozunguka kwa kasi sana. Bodaboda wa bonde la Kilombero ana injini ya sisi 100, 125 au 150, amepakia gunia, yumo topeni. Yeye ahitaji nguvu injini ikizunguka polepole, nayo ndiyo ambayo bomba lililo wazi mara nyingi huipunguza. Tena moshi ukitoka kwa wepesi na petroli isirekebishwe, hewa huzidi katika mchanganyiko, joto hupanda, na valvu huweza kuungua. Basi amenunua nini ila mlio?

Wapo wasemao kuwa mlio huokoa roho, kwani waendao kwa miguu husikia wakajitenga. La hasha! Mdomo wa bomba umeelekea nyuma, na aliye hatarini yuko mbele. Honi iliwekwa kwa kazi gani?

Gharama ya mlio huo hulipwa na wasioupanda: mgonjwa, mtoto mchanga, mwenye kusali alfajiri. Na dereva mwenyewe hasalimiki. Wataalamu wa afya kazini wameweka desibeli 85 kwa saa 8 kuwa mpaka wa masikio. Zikizidi 3 tu, muda hupunguka nusu: 88 ni saa 4, na 91 ni saa 2. Aliye barabarani toka asubuhi mpaka isha atabaki na masikio gani?

Luqman alimuusia mwanawe ashushe sauti. Mtume (S.A.W.) naye alitaka njia ipewe haki yake, na katika haki hiyo ni kuwakinga watu na udhia. Je, njia ya Ifakara haina haki?

Lakini lawama si ya kijana peke yake. Wewe tajiri wa pikipiki, unayepokea hesabu kila jioni, uliona bomba likibadilishwa ukanyamaza. Wewe baba, uliusikia mlio ukacheka, ukasema ni ujana.

Mtakao nguvu, safisheni chujio la hewa, badilisheni oili kwa wakati, rekebisheni valvu na mnyororo, jazeni upepo wa kutosha. Na bomba likioza, nunueni lililoundwa kwa pikipiki hiyo, pamoja na sailensa yake. Chombo kizima hakihitaji kupiga kelele ili kijulikane kuwa chaenda.