Saa Janja ya Duara: Urembo na Gharama Yake

Mwaka 2014 kampuni ya Motorola ya Marekani ilitoa Moto 360, saa janja yenye uso wa duara mfano wa saa za mishale. Sifa zake hazikanushiki: ilipima mapigo ya moyo, ilionyesha ujumbe wa simu, na ilichajiwa bila kuchomekwa waya.

Hata hivyo, umbo hilo lilikuwa na gharama. Duara huufaa mshale, kwa kuwa mshale huzunguka. Maandishi hayazunguki, bali hupangwa kwa mistari. Mraba mkubwa kuliko yote uwezao kuingia ndani ya duara huchukua takriban asilimia 64 tu ya eneo lake. Mwanafunzi na athibitishe kwa kugawanya 2 kwa pai. Tena duara lenyewe halikutimia, maana chini ya kioo paliachwa ukanda mweusi wa kuficha vifaa vya kuendesha picha. Na betri yake ilihitaji kuchajiwa takriban kila siku, hali saa ya kawaida ya betri huenda mwaka mzima na zaidi.

Si haki kuiita uzuri wa mkakasi, maana kazi iliifanya. Lakini umbo la chombo halina budi kutokana na kazi yake, wala si na mazoea ya macho.