Hazina ya Dharura ni Mali ya Mkulima

Wananchi wa Kericho na Bomet,

Kila masika barabara zetu za mashambani humezwa na maji. Kalvati hung'olewa, kingo huporomoka, na lori la majani chai hukwama matopeni huku mkulima akitazama jasho lake likiharibika. Jani lililochumwa asubuhi haliwezi kungoja: likirundikana kituoni hadi kesho yake hupata joto, huwa jekundu, na kiwanda hulikataa. Hasara hiyo haimfikii gavana. Humwangukia mwenye nusu ekari kule Konoin, Bureti au Ainamoi. Kampuni zenye mashamba makubwa zina matingatinga yao. Mkulima mdogo ana serikali tu.

Naye anapouliza serikali iko wapi, mara nyingi huambiwa kwamba hii ni dharura na fedha hakuna. Sisi tulioisoma sheria tunasema jibu hilo halisimami.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, katika kifungu cha 110, inairuhusu kaunti kuanzisha Hazina ya Dharura. Kifungu cha 112 kinamruhusu waziri wa fedha wa kaunti kutoa fedha humo bila kungoja bajeti, mradi haja iwe ya haraka na isiyotarajiwa. Kifungu cha 113 kinaweka mpaka: malipo ya mwaka yasizidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti ya mwaka uliotangulia. Kifungu cha 114 kinadai idhini ya bunge la kaunti iombwe katika muda wa miezi miwili. Kifungu cha 115 kinaagiza hesabu zifike kwa Mkaguzi Mkuu ndani ya miezi mitatu baada ya mwaka wa fedha kwisha, zikionyesha nani alilipwa, kwa kazi gani, na fedha zilitumikaje.

Hebu tuyapime maneno hayo, "haja isiyotarajiwa". El Nino ya 1997 na 1998 ilikuwa dharura. Mafuriko ya Machi hadi Mei 2024, yaliyoua watu zaidi ya 200 nchini, yalikuwa dharura. Lakini Kericho ni nchi ambamo mvua hunyesha karibu kila mwezi. Mfereji usiozibuliwa Januari hauwi dharura Aprili. Huo ni uzembe. Kiongozi anayeacha matengenezo ya kawaida yalale ili baadaye alipe kwa pupa huwa amekwepa bajeti na ushindani wa zabuni kwa pamoja. Tena huikuta hazina tupu siku gharika ya kweli inapobisha hodi.

Wala tusidanganywe kwamba mkulima hachangii. Mwaka 2024 ushuru wa matengenezo ya barabara ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Kila anayepanda bodaboda kwenda sokoni Litein au Mogogosiek anaulipa. Mwaka huo huo wabunge na magavana waligombania shilingi bilioni 10.5 za ushuru huo, kila upande ukidai ndio mwenye haki ya kuzitumia. Fahali walipigana, nyasi, yaani sisi, zikabaki matopeni.

Wazee wanakumbuka zama za mabaraza ya wilaya, kama lile la Kipsigis, ambayo bajeti yake haikupita bila idhini ya waziri aliyeketi Nairobi. Barabara ilikuja kama zawadi kwa waliopiga kura vizuri. Waliojitokeza Saba Saba, tarehe 7 Julai 1990, na waliodai kifungu cha 2A kifutwe hadi kikafutwa Desemba 1991, hawakutaka vyama vingi kwa ajili ya rangi za bendera. Walitaka mtawala ajibu. Katiba ya 2010 ikayashusha mamlaka hadi kaunti. Hatukuyatoa Nairobi ili yakajifiche katika afisi za Kericho mjini na Bomet mjini.

Kwa hiyo tunawaomba wakulima wa kila kituo cha majani waketi, waandike barua moja, na kuipeleka afisi ya kaunti. Waulize: Hazina ya Dharura ina kiasi gani? Nani alilipwa mwaka uliopita? Barabara ipi ilitengenezwa? Ibara ya 35 ya Katiba inawapa haki ya kujua, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 za kujibu. Afisa akinyamaza, mwakilishi wa wadi aambiwe mbele ya watu kwamba hoja hiyo sasa ni yake bungeni.

Barabara si hisani ya mtu. Ni deni la serikali kwa walipa kodi, na wahenga walikwisha kutuambia dawa ya deni ni kulipa.