Busti Si Nguvu!

Sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Wengi wenu mnaopandisha busti kwenye Subaru hapa Nairobi mnamlipa fundi awaulie injini, halafu mnawalaumu Wajapani.

Busti ni shinikizo ambalo turbo inaongeza juu ya lile la hewa ya nje. Geji inaonyesha nyongeza hiyo tu. Haionyeshi hewa imepata joto kiasi gani, wala ni gramu ngapi zimeingia kwenye silinda. Kujisifu eti "yangu inasukuma baa 1.2" (baa ya kipimo, si ya pombe) ni sawa na kumsifu programa kwa wingi wa mistari aliyoandika.

Tupige hesabu basi. Mombasa, shinikizo la hewa ni kama kilopaskali 101. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, kwa hiyo ni kama 82. Gari ikisukuma baa 1 Mombasa, turbo imezidisha shinikizo mara 2. Ukitaka shinikizo hilo hilo lifike kwenye injini Nairobi, turbo lazima izidishe karibu mara 2.5. Chukua hewa ya nyuzi 25 na kompresa yenye ufanisi wa asilimia 70: Mombasa hewa inatoka kwenye turbo na nyuzi 118 hivi, Nairobi karibu 150. Na turbo ndogo kama TD04 ya WRX ukiikaza kupita kipimo chake, ufanisi unashuka na joto linazidi. Unalipia busti, unapewa jiko.

Hewa ya moto ina oksijeni kidogo, tena inafanya mafuta yalipuke kabla ya wakati wake. Injini inaanza kugonga, na hapo ndipo pistoni zinapovunjika mahali pa ringi.

Ndiyo maana kuna intakula. Ukipooza hewa hiyo kutoka nyuzi 150 hadi 60 bila kupoteza shinikizo, uzito wake kwa kila lita unaongezeka kwa asilimia 27 hivi. Bila kugusa busti!

Lakini msikimbilie ile intakula kubwa kama mlango, inayometameta nyuma ya bampa. Mabomba yake ni marefu, kwa hiyo turbo ndogo inachelewa kuyajaza. Inaizibia redieta upepo. Na WRX inapima hewa kabla ya turbo: kiungo kimoja kikivuja, kompyuta inamwaga petroli kwa ajili ya hewa ambayo imeshatoroka. Kwa turbo ya kiwandani, intakula ya juu ya STI inatosha. Ni kweli, ikikaa juu ya injini inapata moto kwenye foleni, maana upepo wa boneti unataka gari litembee. Lakini kwenye foleni nani anahitaji busti? Ya mbele muiweke mkishafunga turbo kubwa.

Kinachoniudhi zaidi ni kile kivalvu cha bei rahisi cha kupandisha busti kwa mkono. Kompyuta ya Subaru ina sensa inayosikiliza kugonga. Ikisikia hatari inachelewesha cheche, na inaweza kupunguza busti. Wewe unainyang'anya hiyo busti. Tena gari lililotoka Japani lilipangwa kwa petroli ya oktani 98 hadi 100, na petroli ya kawaida ya hapa haifiki huko. Huko ni kubadilisha mipangilio ya seva Ijumaa jioni, bila logi na bila nakala ya akiba.

Fuateni mpangilio huu:

1. Soma logi za kompyuta: kugonga, joto la hewa, mchanganyiko wa petroli na hewa.
2. Ziba mivujo yote. Badilisha plagi na filta.
3. Pangisha kompyuta upya kwa petroli unayonunua kila siku, hapa hapa juu.
4. Badilisha intakula, kisha upangishe tena.
5. Busti ije mwisho, kidogo kidogo, logi ikiwa wazi.

Fundi akianza na namba 5, chukua ufunguo wako uondoke. Na anayenipinga alete logi, si kelele za ekzosi.